Lowesha Vizuri, Vuta Sana

4 Machi

Leo nimeondolewa kwenye kiti changu, na aliyekikalia ni mtoto niliyemlea mwenyewe.

Msimamizi, yule tunayemwita Pua kwa sababu hununusa jani kabla ya kuliangalia, alinijia asubuhi nikiwa bado nanoa kisu. "Mama," akasema, "kuanzia leo utakuwa chumba cha kuchambua. Meza ya mbele tumempa Chiriku." Alisema kwa upole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa chungu. Nikamwuliza kosa langu. Akatazama dari.

"Tumeambiwa mkono wako unatetemeka."

Tumeambiwa. Nikageuza shingo, nikamwona Chiriku kasimama karibu na mlango na aproni mpya, macho chini, mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Ni binti wa marehemu mdogo wangu. Jina la Chiriku nilimpa mimi, kwa maneno yake yasiyokauka. Nilimchukua meno ya mbele hayajarudi kuota, nikamlisha, nikamvisha, na alipofika umri wa kushika kisu nikamkalisha kando yangu, nikamfundisha kuviringisha siga za tumbaku. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi huyu hata hizo nguo nilimfulia.

Nilichukua kisu changu na ubao wangu, nikavuka ua huku mvua inaninyeshea. Ila naandika hapa nisije nikasahau siku huruma itakaponipitia: atalipa.

5 Machi

Mvua. Sikula.

9 Machi

Chumba cha kuchambua kina dirisha moja, na hilo nalo linatazama ukuta. Kazi yenyewe ni kunyofoa uti. Unashika jani la tumbaku lililonyunyiziwa maji, unazungushia ncha ya uti kidoleni, unavuta taratibu mpaka uti wote wa katikati unatoka kama uzi wa pindo, zinabaki nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Unaweka. Unashika jingine. Wanaokaa humu ni wasichana wapya na wazee wanaosubiri kuambiwa waende kwao. Wote wananipa pole. Nikipewa pole moja zaidi nitamrukia mtu.

Msichana mmoja mgeni wa kazi aliniuliza kwa nini watu wanagombania meza ya mbele na siga ni siga tu. Nikamwambia, dada, sigara ya karatasi inatengenezwa na mashine, siga inatengenezwa na mtu. Ndani kuna majani yaliyokunjwa, tunayaita utumbo. Juu yake kuna jani gumu la kuushika utumbo usitawanyike, tunaliita mshipi. Unaipanga kwenye kalibu ya mbao, unaibana mpaka ishike umbo. Mwisho kabisa unaivisha ngozi, jani laini kuliko yote, lisilo na tundu wala doa, na hilo ndilo mnunuzi analoliona. Utumbo ukikosea, mvutaji atagundua akishanunua. Ngozi ikikosea, hanunui.

"Na wewe ulikuwa unavisha ngozi?" akauliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa navisha."

Mkono wangu hautetemeki. Ulitetemeka asubuhi moja, labda mbili, kwa sababu ya baridi.

14 Machi

Habari njema imekuja kwa miguu yake. Tajiri mwenye karakana amepata oda kubwa ya samaki. Samaki ndilo jina letu la siga nene tumboni na nyembamba ncha zote mbili. Kuivisha ngozi ni kama kumvisha mjamzito gauni la msichana: pale tumboni jani hukunjamana, na ukilazimisha linachanika. Humu ndani aliyekuwa akiiweza ni mimi. Chiriku nilikuwa bado sijamfikisha hapo.

Mama Pacha, jirani yangu wa meza tangu zamani, alipita mlangoni kunisalimu, akaninong'oneza, "Mwanao anatoka jasho. Amechana ngozi tangu asubuhi."

"Si mwanangu," nikamwambia.

16 Machi

Amekuja. Nilijua atakuja.

Alipiga hodi mchana wa mapumziko, na mkate mkononi, kwenye nyumba ileile aliyoihama mwaka jana akiburuta godoro bila kugeuka nyuma. Nikamwacha asimame kidogo. Kisha nikamwambia aketi.

"Mama mkubwa, samaki wamenishinda."

"Nimesikia."

"Nifundishe."

Nikamwuliza kwanza swali langu. Nilitaka alie. Nilitaka anipe uongo wowote, kwamba Pua alimlazimisha, kwamba aliponyokwa na ulimi. Nikamwuliza, "Kwa nini uliwaambia?"

Akanitazama usoni. "Kwa sababu ni kweli. Ulikuwa unachana ngozi na kuzificha mfukoni. Nilikuona. Wangegundua wenyewe wangekufukuza. Nilimwomba Pua akupe kazi ya kukaa."

"Na kiti changu? Nacho ulikiomba kwa ajili yangu?"

Hapo ndipo alipoangalia mkate. "Kiti nilikitaka," akasema. "Siwezi kukudanganya."

Basi. Mimi nikaweza.

Nikamfundisha. Nilisema, "Siri ya samaki ni maji. Lowesha ngozi vizuri, si kunyunyiza, lowesha. Kisha ivute sana, vuta mpaka uone mwanga unapita, ndipo uvishe ikiwa bado imevutika. Mkunjo hautauona." Alijaribu palepale juu ya meza yangu ya chakula, kwa jani alilolificha kwenye aproni. Ikatoka siga nzuri kama yai. Akacheka kwa furaha, akanishika mkono, akasema, "Mama mkubwa, kumbe ni rahisi hivi!"

Ni rahisi, ndiyo. Jani likilowa linatii kama mpira. Wakati huu wa masika hewa yenyewe ni maji, kwa hiyo litakaa lilivyovutwa, laini, linang'aa. Lakini upepo mkavu ukija, jani litataka kurudi udogo wake, na halitakuwa na pa kurudia. Litapasuka, kisanduku baada ya kisanduku, mbele ya mnunuzi.

Nilikula mkate wake wote.

17 Machi

Nimelala vizuri kuliko siku zote.

25 Machi

Kuna adhabu ambayo sikuihesabu. Tajiri alikuja leo kukagua, akazunguka meza na miwani puani, akainua samaki mmoja wa Chiriku, akamwelekeza dirishani. "Tangu nianze kazi hii," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwetu, "sijaona ngozi ya namna hii."

Tangu aanze. Na zangu je, alikuwa akizitazama kwa kisogo?

Watu wakapiga makofi. Chiriku akageuka kutazama mlango wa chumba chetu, akatabasamu, akaniinamishia kichwa kama mtu anayeshukuru. Nilivuta uti wa jani kwa nguvu, nikalipasua vipande vipande. Sawa. Panda juu, mwanangu. Panda sana. Anayeanguka kutoka kwenye kigoda hasikiki.

2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Ukuta wa chumbani umeota ukungu. Chiriku amepewa aproni yenye jina lake.

8 Aprili

Jambo limeharibika.

Pua ameita watu wote uwanjani leo kabla ya kazi, akamsimamisha Chiriku juu ya sanduku, akasema kuanzia sasa ngozi zote, za samaki na za siga za kawaida, zitavishwa kwa njia ya Chiriku. Kulowesha, kuvuta. Chiriku akawaonyesha, anaongea bila kumeza mate, mikono inaruka. Wote wakaanza. Mama Pacha ameanza. Yule bubu wa meza ya nyuma, ambaye hakosei, naye ameanza.

Nilichimba shimo la mtu mmoja. Sasa linapanuka lenyewe.

11 Aprili

Nilimvizia Mama Pacha penye bomba la maji. Nikamwambia, "Ile njia usiifuate. Nyunyiza kama zamani, Pua hataona."

"Kwa nini?"

"Fanya tu ninavyokuambia."

Akanikodolea macho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. "Dada yangu, mimi nakupenda. Lakini wivu utakuua. Mtoto amegundua kitu, mwache afaidi."

Amegundua! Nikabaki na ndoo yangu imejaa inamwagika.

12 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Leo nimechana majani mengi kuliko niliyoyachambua. Niliyaficha chini ya rundo. Yule mgeni aliniona, akaniwekea rundo lake safi mbele yangu kana kwamba ni langu. Sikumshukuru. Nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtoto.

Sawa, mkono unatetemeka. Si baridi. Lakini jambo kuwa kweli hakumpi mtu ruhusa ya kulibeba kwa mwenye kazi na kurudi na kiti.

27 Aprili

Namtazama Chiriku kutoka mlangoni. Anavyobana ulimi kwenye pembe ya mdomo akimaliza kichwa cha siga, ni mimi. Anavyopangusa kisu pajani, ni mimi. Ningekuwa naangalia mtu baki ningemchukia kidogo. Huyu namchukia na kila kitu nilichonacho, na bado nikamwona leo amemshikia bubu kalibu yake iliyovunjika, akaitengeneza kwa muda wake wa chai, na moyo ukataka kulegea. Nikaukaza.

3 Mei

Mvua imepungua. Kuna saa mchana ambapo jua linatoka na ua unafuka mvuke. Kila mtu anashangilia isipokuwa mimi.

Ghala limejaa visanduku mpaka dari. Kila kisanduku kina alama ya aliyekitengeneza. Mwaka jana visanduku vya mama mmoja vilirudishwa kwa kuoza, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa nje ya geti na kisu chake kwenye gazeti. Mama Pacha ana watoto pacha shuleni na mume ambaye kazi yake ni kutafuta kazi. Bubu hana mtu. Hawa hawakunikosea kitu.

6 Mei

Nimemfuata Chiriku mwenyewe, chumbani kwake alikopanga. Chumba kidogo, kisafi, kitanda kimetandikwa nilivyomfundisha.

Nikamwambia bila kuzunguka: "Njia niliyokupa ni mbovu. Upepo mkavu ukija ngozi zitapasuka. Nenda kwa Pua mkazivishe siga upya kabla hazijatoka."

Alicheka. Kisha akaona sicheki, naye akaacha.

"Mama mkubwa, ulinifundisha mwenyewe."

"Ndiyo. Nilikufundisha vibaya makusudi."

Nikadhani sasa atapiga kelele. Badala yake alisema kwa sauti ndogo, "Hapana. Ungenifanyia hivyo ungenyamaza mpaka mwisho, nakujua. Umeona nang'aa, ndiyo maana unataka nikavunje kazi yangu kwa mikono yangu, nichekwe. Sivunji."

"Chiriku."

"Sivunji, mama mkubwa. Nenda nyumbani."

Mtu akishajulikana kwa kinyongo, hata ukweli wake unanuka. Nilirudi natembea kwenye matope nikijisemea, basi, nimesema, damu yao haiko kwangu. Lakini nilipofika nilikuwa bado namwona bubu.

9 Mei

Nitaandika yote, ingawa herufi zinaruka.

Asubuhi gari la kubebea mzigo lilikuwa tayari limeingia uani, na Tajiri amekuja kuona oda yake ikipakiwa. Nilitoka chumba cha kuchambua bila ruhusa. Nikaingia ghalani, nikachukua samaki mmoja wa Chiriku, na siga moja ya zamani ya Mama Pacha, ya kabla ya ile njia. Nikaenda moja kwa moja kwenye jiko la chai lililo kando ya ukumbi. Mpika chai akasema, "Mama, humu hakuvutwi." Nikamwambia asogee.

Nikaziweka juu ya wavu, mbali na moto, mahali anapokaushia vitambaa. Pua akaja mbio. "Unafanya nini?"

"Nimekuletea kiangazi mapema," nikasema. "Subiri."

Watu wakaanza kuacha meza. Tajiri naye akasogea, miwani mkononi. Chiriku alibaki ameketi. Kwa muda hakukutokea kitu, na nikamsikia mtu nyuma akisema, maskini, kichwa nacho kimeanza. Halafu samaki akalia. Mlio mdogo, kama ukucha unavyokatika. Ufa ukaanza tumboni, ukapanda hadi ncha, ngozi ikafunguka pande mbili ikaonyesha utumbo. Ile ya Mama Pacha ilikuwa imelala pale nzima, na mikunjo yake yote.

Mama Pacha akaziba mdomo. Tajiri aliinua samaki kwa vidole viwili, akamgeukia Pua. "Visanduku vingapi viko hivi?"

"Vyote, bwana," nikajibu mimi. "Vyote vya Chiriku tangu katikati ya Machi, na vya wengine tangu Aprili. Lakini utumbo wake ni mzima. Vueni ngozi, mvishe nyingine."

"Na wewe ulijuaje?"

Hapo ningeweza kusema uzoefu. Wangeniamini, na labda wangenirudishia kiti. Niliona kiti chenyewe, na Chiriku juu yake, uso umemwisha rangi. Nilitaka ajue mbele ya watu ni nani aliyemwangusha. Nimengojea tangu Machi, nisinge­mwachia mtu mwingine, hata bahati.

"Nilijua," nikasema, "kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Alinichongea, akachukua kiti changu, nikampa njia ya kumfukuzisha. Nyinyi wengine mlijiingiza wenyewe."

Nilimtazama. Alikuwa analia, kimya kabisa. Na lazima niandike kweli: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kama nilivyoitarajia, kwa muda wa kama pumzi mbili.

Kisha Pua, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akasema, "Haya, fundi. Kaa. Tuonyeshe njia ya kweli, oda iokolewe." Akamwinua Chiriku, akanivutia kiti. Akaweka ngozi moja mpya juu ya ubao, jani zuri, halina doa.

Nikakaa. Kiti kilikuwa bado kinanijua. Nikachukua kisu, nikaukata ukingo vizuri, hapo mkono ulinisikiliza. Nikainua samaki, nikaanza kuzungusha ngozi kutoka mguuni, ile ncha inayowashwa. Ilipofika tumboni, mkono ukaanza. Nilibana kiwiko ubavuni. Ukazidi. Jani likachanika. Pua akaweka jingine. Likachanika. La tatu nililishika tu, likawa linapiga ubao kama bawa, na ukumbi mzima unasikiliza.

Nikanyanyua macho nikitarajia kumwona Chiriku anacheka. Alikuwa amegeukia ukuta ili asione. Afadhali angecheka.

"Nenda nyumbani, mama," Pua akasema. "Usirudi."

10 Mei

Niko nyumbani.

16 Mei

Upepo umegeuka. Nguo zinakauka kabla sijamaliza kuzianika.

Mama Pacha alikuja, akasimama nje ya mlango, hakutaka kuketi. Alisema oda imepewa muda, wanavua ngozi na kuvisha upya kwa njia ya zamani, kazi ni mara mbili na hawalipwi hata shukrani. Chiriku ameachiwa kiti kwa sababu hakuna mwingine, lakini samaki bado wanamshinda.

"Uliniambia pale bombani," akasema. "Nilikuita mwenye wivu."

"Nilikuwa nao."

"Lakini ungenyamaza ningekuwa getini." Akafikiri. "Na usingeanza, nisingekuwa popote ila mezani kwangu. Sijui nikushukuru au nikutemee mate."

Nikamwambia achague lililo jepesi. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakunitemea mate.

28 Mei

Mchana huu, hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni watu wengi."

"Ni mimi, mama mkubwa."

Amekonda. Alikuwa na ubao kwapani, kisu, na ngozi zimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Safari hii hakuleta mkate.

"Sijaja kukuomba msamaha," akasema.

"Na mimi sina wa kukupa. Wa kukuomba pia sina."

"Wamenipa mpaka mwisho wa Juni. Samaki wakinishinda, naondoka, na oda inakufa na watu wote. Nifundishe sawasawa."

Nikamwambia aweke ubao mezani. Mimi nikakalia mikono yangu, nikafundisha kwa mdomo. Nyunyiza tu, kama unatemea. Usivute, liache jani litembee. Ukifika tumboni lifuate, usilivuke. Punguza. Geuza siga, si jani. Alichana moja, akachana nyingine, halafu ya tatu ikazunguka mpaka kichwani ikakaa. Aliipandisha kwenye mwanga. Tumboni kulikuwa na mkunjo mwembamba.

"Ina mkunjo," akasema.

"Iwe nao."

"Ile ya kwanza uliyonifundisha ilikuwa nzuri kuliko hii."

"Ndiyo."

Aliizungusha vidoleni, polepole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa chakula na yuleyule aliyemlisha sumu. "Nitajuaje kwamba safari hii hunidanganyi?"

"Iweke juu ya jiko. Haitapasuka."

"Na baada ya hapo?"

"Jiko linajua kupasua tu. Mengine yanajulikana na wakati."

"Mengine gani?"

Nikainuka kwenda kuchemsha maji. Alingoja, nikamsikia anangoja. Mwishowe akafunga kitambaa chake, akasema asante kwa sauti ambayo haikuwa ya Chiriku hata kidogo, akatoka.

Mengine hayapo. Nimemfundisha kweli tupu, kutoka mguuni hadi kichwani, sikubakiza hata hatua moja. Atakuwa fundi kuliko nilivyokuwa mimi. Lakini hilo hatalisikia kinywani mwangu. Kila kisanduku atakachokifunga, mwaka hadi mwaka, atakifunga huku akijiuliza.